Jinsi Farao Alivyokwenda Kuposa Mbeere

Nimechoka kusimulia habari hii vipande vipande. Mmoja wenu amesikia ya choo, mwingine ya Farao, na kuna aliyeambiwa kwamba baba yangu alipigwa ngumi huko Siakago, jambo ambalo halikutokea, ingawa lilikaribia. Basi, wenzangu wa chumba cha walimu, naiandika yote mara moja, tangu mwanzo, halafu mniache nisahihishe mitihani.

Maua hadi Makutano

Niliondoka Maua asubuhi, magari ya miraa yakiwa yameshapita na barabara imerudi mikononi mwa watu wenye akili timamu. Mapajani nilibeba kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kile ambacho kwetu hupelekewa baba wa msichana kumwambia kwamba tumekuja kwa heri. Baba aliniagiza nikichague mwenyewe kwa kuwa naishi kwenye chimbuko lake.

Tulikuwa tunakwenda kumposea ndugu yangu Mutuma, kitindamimba wetu, anayefundisha hesabu Ruiri. Shuleni hapo hapo kuna mwalimu wa kemia anayeitwa Igoki, binti wa Mzee Njeru wa kule chini ya Siakago, Mbeere. Walipendana kimya kimya kama walimu wanavyopendana, mpaka wanafunzi wakawatangaza. Igoki alikuwa ametangulia kwao, na alitutumia onyo kupitia kwa Mutuma: babake ni mtu wa maneno machache na mlango mzito. Mchumba wa dada yake alikwaruzana naye siku ya kwanza, akafungiwa geti, na hadi leo dada huyo yuko nyumbani.

"Kendi, mwambie Baba asiongee sana," Mutuma alinisihi kwa simu.

Baba yangu ni Mzee M'Ikunyua, aliyechomelea mageti na madirisha hapo Makutano hadi macho yake yakagoma. Tangu astaafu, badala ya moto wa kuchomelea anakodolea macho mwanga wa simu. Huko ndiko alikojifunza kwamba Wameru walitoka Misri, wakawa Mafarao, wakajenga piramidi, kisha wakazichoka, wakaja kulima viazi.

"Ushahidi uko wazi," huniambia. "Misri. Meroe. Meru. Sikia hiyo M."

"Baba, hata Maua ina M."

"Unaona!"

Nilishajaribu kumweleza kwamba Meroe haikuwa Misri, ilikuwa kusini zaidi, Sudani ya leo, na kwamba pamoja na piramidi zake ilisifika sana kwa kuyeyusha chuma. Hilo halikumgusa. "Chuma nimeishi nacho," alisema. "Nionyeshe jumba la mfalme." Tena yeye mwenyewe alilelewa kwa simulizi ya Mbwaa: jinsi wazee wetu walivyofungwa utumwani ng'ambo ya maji na watu waliovaa nguo nyekundu, maji yakapasuliwa, wakatoroka. Kwa simulizi hiyo, sisi ndio tuliokimbia. Lakini Baba alipima, akaona afadhali kuwa mwenye jumba kuliko kuwa mwenye kukimbia.

Nilimkuta Makutano kando ya barabara, malori yakimpulizia moshi, amevaa suti ya kanisani na tai yenye sura ya Farao, ya manjano na samawati, inayong'aa kama karatasi ya peremende. Mutuma alikuwa nyuma yake, ananitazama kama mtu anayezama.

Dereva wetu alikuwa Saidi, mwenye bucha, rafiki wa Baba tangu ujana. Alichelewa kwa sababu ya ng'ombe aliyekataa kushuka kwenye gari, na gari hilo hilo ndilo tuliloliingia. Lilikuwa limeoshwa, lakini ng'ombe alikuwa bado anakumbukwa.

Makutano hadi Igoji

Kabla ya kufika Nkubu Baba alikuwa ameshaanza.

"Saidi, wewe kwenu hasa ni wapi?"

"Makutano."

"Hapana, asili. Wazee wako walitoka wapi?"

"Mmoja Sudani, mmoja sijui, mmoja alikuwa anapita akachoka. Wote walifika Makutano." Saidi huulizwa swali hilo kila wiki na jibu lake halibadiliki. "Lakini Mzee, hiyo tai. Sisi tunamwita Firauni. Na kwetu mtu akikuita firauni, mnapigana."

"Ni wivu," alisema Baba.

Karibu na Igoji tulisimama. Lori la ndizi lilikuwa limelala ubavu barabarani kama mtu aliyeshiba, na watu walikuwa wanaokota ndizi kwa moyo wa kusaidia. Polisi walikuja, wakatazama, wakapewa ndizi, wakaendelea kutazama. Jua lilipanda. Tulinunua mahindi ya kuchoma kwa mama mmoja aliyefunga kitambaa chekundu kichwani, na Baba akaona amepata darasa. Akamweleza habari za piramidi zote, jinsi kila jiwe lilivyochongwa likakaa juu ya jingine bila saruji, na kwamba mikono iliyofanya hivyo ilikuwa ya Wameru.

Mama huyo alisikiliza hadi mwisho huku akigeuza mahindi.

"Sisi ndio tulijenga hiyo kitu yote?"

"Sisi kabisa."

"Na hapa sokoni mbona tumeshindwa kujenga hata choo? Mimi nikibanwa naenda mpaka kwa shamba ya watu."

Baba alisema hilo ni swali la siasa. Nami nilimeza mahindi bila kutafuna, nisije nikacheka.

Embu

Tulifika Embu njaa ikiwa imeshakuwa hasira. Tuliingia hoteli moja yenye viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Mhudumu alikuwa kijana mchangamfu, na alipomwambia Baba "Karibuni, mmetoka mbali?" alifanya kosa ambalo hangeweza kulijua.

"Misri," alisema Baba.

Kijana alitutazama mmoja mmoja. Akaangalia tai. Akaenda kunong'ona na mwenye hoteli, akarudi na menyu iliyofunikwa plastiki, akaanza kuongea Kiswahili cha polepole sana, kwa sauti ya juu, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Githeri... hapana. Kali. Tumbo yenu. Chips... ndiyo."

Mimi nilitaka githeri. Niliiona pale kwenye sufuria, mahindi na maharagwe yamepikwa na viazi na majani ya nyeni, yananukia. Nilimwambia kwa Kimeru, ambacho mtu wa Embu anakielewa bila shida, kwamba mimi ni wa Maua na nipewe githeri. Akatabasamu kwa huruma, akampongeza Baba kwa jinsi binti yake alivyojifunza lugha ya huku haraka.

Tuliletewa chips na chai sote wanne. Wakati tunakula, mwenye hoteli akaja kutusalimia mwenyewe.

"Ati Misri huwa hakuna mvua? Ni kweli?"

"Ni kidogo sana," alisema Baba, ambaye hajawahi kufika mbali zaidi ya Nairobi. "Tunategemea mto."

"Tunategemea," Saidi alirudia chini chini, akatoka nje kuangalia upepo wa magurudumu.

Kuteremka Siakago

Kutoka Embu ukishuka upande wa Siakago, kijani kinakuacha pole pole. Migomba inapungua, halafu kahawa inaisha, halafu unaona miembe, mizinga ya nyuki kwenye miti ya miiba, na vichaka vya muguka, ile miraa ya majani ya huku, vimepandwa kwa mistari. Kilima cha Kiang'ombe kinasimama mbele yako popote unapogeukia. Joto likaingia garini, na ile kumbukumbu ya ng'ombe ikaamka.

Baba alitazama nje kwa muda mrefu. "Hapa watu walifanya nini tangu zamani?" aliuliza. "Hakuna kitu. Ni miiba tu."

"Baba," Mutuma alisema, "tafadhali hiyo usiseme huko."

"Nitasema nini basi?"

"Sema asanteni."

Boma la Mzee Njeru lilikuwa limefagiliwa hadi likawa na mistari. Viti viliwekwa chini ya turubai, juu ya mwinuko mdogo wa udongo mweusi mweusi, mahali penye upepo. Mzee Njeru mwenyewe ni mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, anayesalimia kwa mkono mmoja na kukupima kwa jicho jingine. Mkewe alituletea uji wa mtama, ndengu, mbuzi wa kuchemsha na asali kwenye sahani. Igoki alipita na birika la maji ya kunawa, hakumtazama Mutuma, na kila mtu akaona jinsi ambavyo hakumtazama.

Nilitoa kile kifurushi cha miraa kwa mikono miwili. Mzee Njeru alikipokea, akakigeuza, akamwangalia mkewe.

"Asante. Lakini kwani hamjui hapa ni kwa muguka? Ni kama kuletea mtu maji akiwa ndani ya mto."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa chema. Laiti Baba angenyamaza hapo.

Alisimama. Alikaza tai. Alisema kwamba kabla ya kuomba binti ni haki wenyeji wajue wanaunganishwa na damu ya aina gani. Akaanza Misri, akapitia Meroe, akapanda piramidi, akashuka. Akasema Wameru ni wana wa Farao.

Mzee Njeru alimaliza uji wake taratibu, akafuta midomo.

"Nimesikia," alisema. "Sasa na mimi nikwambie. Sisi hapa ni Waisraeli. Kabila lililopotea. Tunatahiri, tulikuwa tunatoa kafara tukiangalia mlima, yote iko kwa Biblia. Mimi nimefundisha hiyo kanisani miaka mingi."

"Hongera," alisema Baba.

"Ngoja. Wewe ni Farao. Mimi ni Israeli." Alitua kikombe. "Kwa hivyo ni nyinyi mlitufanya watumwa."

Nyuki mmoja alizunguka sahani ya asali.

"Hiyo ni zamani, Mzee," Mutuma alisema.

"Wewe nyamaza, wazee wanaongea. Tulifinyanga matofali. Watoto wetu walitupwa mtoni. Na leo mnakuja na tai ya Farao kwa boma yangu, mnataka binti. Kwanza muombe msamaha."

Mtu mwingine angecheka akaomba msamaha, mambo yakaisha. Lakini Baba alikuwa ametoka Makutano akiwa mfalme. "Farao haombi msamaha," alisema. "Na tena nyinyi mlituachia mapigo. Vyura. Nzige. Sisi nani atatuomba?"

Mzee Njeru alisimama. Na mimi nilimwona anaangalia upande wa geti. Igoki alikuwa mlangoni mwa jikoni, birika mkononi, na uso wake ulikuwa umekuwa wa dada yake, yule aliyefungiwa mchumba. Nilifikiria jinsi watu wawili wanaopendana watakavyotenganishwa na ugomvi ambao hakuna hata mmoja pale aliyekuwapo ulipotokea, ikiwa ulitokea, na kati ya watu ambao hawakuwa babu zetu.

Katika hali hiyo, chai ya Embu ilimkumbusha Baba kwamba hata Farao ana kibofu.

"Choo kiko wapi?" aliuliza kwa hasira ile ile.

Mzee Njeru alipoteza kidogo ukali wake. Aibu ya mwenyeji ilimshinda.

"Choo... hakijaisha. Tulikuwa tunawachimbia nyinyi wageni. Lakini tulipochimba tukapata mavi."

"Mavi ya nani?"

"Ya wazee wetu. Iko mingi. Hata hapo umeketi, chini ni hiyo tu."

Baba alitazama kiti chake. Alitazama udongo mweusi chini ya viatu vyake vya kanisani. Alivuta pumzi hadi Farao akapanda kifuani.

"Kendi! Chukua mkoba. Saidi, washa gari. Nimeketishwa juu ya mavi!"

"Mavi ya chuma!" Igoki alipaza sauti kutoka mlangoni. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka pamoja. "Baba Mutuma, ni mavi ya chuma! Ile uchafu inabaki watu wakiyeyusha chuma! Kuja uone."

Shimoni

Kwanza alipelekwa choo cha jirani. Hilo liandikwe, kwa sababu wengine wenu mmeuliza.

Alirudi akiwa bado amenuna, akamfuata Igoki nyuma ya nyumba kwa adabu tu. Shimo lilikuwa limefika kifuani mwa mtu. Wachimbaji walikuwa wameacha kazi, Mzee Njeru alitueleza, kwa kuwa walisema hapo palikuwa pa wahunzi, na laana ya mhunzi haina dawa. Yeye, mzee wa kanisa, aliwaambia hizo ni imani za giza. Hata hivyo hakushika jembe mwenyewe.

Ukutani mwa shimo palionekana duara la udongo uliochomeka ukawa mwekundu, na ndani yake mabonge meusi, mazito, yenye vitundu kama mkate. Baba alichukua bonge moja kwa dharau. Kisha akalipima kwa mkono wa pili. Akalisogeza karibu na jicho lake lililo na nafuu.

Halafu akavua koti, akampa Mutuma, akashuka shimoni na suruali ya kanisani.

Akatoa kwenye udongo kipande cha bomba la udongo wa kufinyanga, kirefu kama mkono wa mtoto. Upande mmoja ulikuwa safi. Upande wa pili ulikuwa umeyeyuka, umefunikwa na kioo cheusi kilichotiririka kikaganda. Alipitisha kidole gumba pale, mbele na nyuma, na niliujua mwendo ule. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipapasa maungio ya kila geti kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

"Hapa ndipo upepo uliingia," alisema. Hakuwa anamwambia mtu. "Moto ulikuwa huku. Ukali huu... udongo wenyewe umelia."

"Walitumia mivukuto ya ngozi," Igoki alisema, akichuchumaa ukingoni. "Makaa inanyang'anya ile madini hewa yake, chuma inabaki. Lakini lazima joto isishuke."

"Isishuke hata kidogo," alisema Baba. "Mimi nilikuwa na umeme na gesi na bado nilikuwa naharibu. Mzee Njeru, waliitoa wapi hiyo madini?"

Mzee Njeru alikuwa amesogea hadi ukingoni. "Babu alisema walikuwa wanazoa mchanga mweusi mtoni. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa nimeokoka, nikaona ni mambo ya ushetani."

"Na walimuuzia nani?"

"Kila mtu. Alisema hata wa kwenu huko juu walikuwa wanashuka na mbuzi, wanarudi na majembe na mikuki."

Baba aliinua uso. Nilimwona anawaza: viazi vyetu, mahindi yetu, misitu iliyofyekwa hadi Igembe, upande wa Maua. Sijui kama ni kweli, na nimekuwa mwalimu muda mrefu kiasi cha kutoapa kwa maneno ya babu wa mtu. Lakini jembe hutoka mahali.

Mzee Njeru alivua viatu, akashuka pia. Wazee wawili, Misri na Israeli, wakasimama ndani ya shimo la choo wakipokezana mabonge, wakibishana bomba lilielekea upande gani. Waliitisha tochi ingawa jua lilikuwa linawaka. Saidi alituletea viti, tukaketi juu, tukala mbuzi.

Walipotoka, wote wekundu kwa vumbi, Baba hakurudi kwenye kiti chake. Aliongea akiwa amesimama.

"Nilipokuwa nakuja nilisema hapa hakuna kitu, ni miiba. Hiyo nilisema mimi, si Farao. Naomba msamaha."

Mzee Njeru alifikiri. "Na matofali?"

"Matofali tumwachie mwenyewe."

"Haya." Akamgeukia mkewe, wakaongea Kimbeere kidogo, kisha akatangaza masharti yake. Mambo ya mahari, mbuzi na asali, yatazungumzwa kwa utaratibu wake. Lakini kitu cha kwanza anachodai ni mlango wa choo. Shimo hili litafunikwa vizuri, lisiguswe. Choo kitachimbwa kando. Na mlango wake uwe wa chuma, uliochomelewa na mikono ya Mzee M'Ikunyua mwenyewe.

"Macho yangu hayaoni vizuri," alisema Baba.

"Mtoto wako ako na macho. Wewe utaleta mikono."

Mutuma, ambaye hajawahi kushika nyundo ila kutundika kalenda, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko kiapo cha harusi. Igoki akamtazama, safari hii mbele ya watu wote.

Kurudi

Tulilala Embu, hoteli tofauti, na kulipokucha nilikula githeri sahani mbili. Baba alikunywa chai bila kumwambia mhudumu anatoka wapi.

Mutuma alilala garini mdomo wazi kuanzia Runyenjes. Saidi aliimba kidogo, akaacha. Tulipita Chuka, tukaanza kuteremka bonde la Nithi, na Saidi akapunguza mwendo kama kila mwenye akili anavyofanya pale, maana magari mengi yameangukia humo.

"Kendi," Baba aliita.

"Baba."

"Ile mivukuto. Ukianza kuvuta huwezi kuacha. Ukiacha, moto unapoa, kazi yote inakufa. Ni kuvuta tu, mpaka iive."

"Ndiyo."

"Na joto ya kule unaijua." Alikwangua udongo kwenye goti la suruali. "Sasa nani alikuwa akiwaletea maji?"

Mimi mwalimu wa historia ninaweza kuwatajia wafalme wa Kushi, ule ufalme wa Meroe, na nani alishinda nani, na mji upi ulianguka. Hilo sikuwahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote, wala kwenye mtihani wowote. Nilimwambia sijui.

"Kuna mtu aliwaletea," alisema. "Lazima."

Ng'ambo ya daraja wanawake wawili walikuwa wakipanda kilima wameinama, mitungi ya maji mgongoni, kamba zimewakaa kwenye paji la uso. Baba alimwomba Saidi asimame. Alishuka na suruali yake chafu, akafungua mlango wa nyuma, akawauliza wanaelekea wapi.